Kioo cha Wifi

Methali isemayo kuuliza si ujinga hufundishwa watoto wadogo, nao huipokea bila shida, kwa sababu mtoto hana cha kupoteza anapouliza. Shida huanza ukubwani. Mtu akishaitwa fundi, akishapata jina na wanafunzi, swali dogo humkwama kooni kama mwiba wa samaki. Na ikiwa jibu liko kwa mtu anayemwonea wivu, huwa radhi apotee njia mchana kweupe kuliko kufungua mdomo.

Bi Vifungo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi wa kushona nguo kwa miaka ishirini na sita, katika chumba kimoja kilichotazama barabara, na jina lake alilipata kwa kazi ya mikono yake. Matundu ya vifungo aliyashona kwa sindano, uzi juu ya uzi, yakalala sawasawa kama meno ya chanuo. Ukiigeuza nguo nje ndani, usingeweza kusema upi ni uso wa tundu na upi ni mgongo wake. Wateja walitania kwamba shati likipita kwake limehukumiwa kifungo cha maisha, na yeye alicheka kila mara kama ndiyo kwanza anausikia mzaha huo.

Nusu ya chumba ilikuwa ya mumewe, Fundi Saa. Huko kulikuwa na meza ndogo, kioo cha kukuzia na visahani vya skrubu zilizokuwa ndogo kama mbegu za mchicha. Zamani watu walimpangia foleni. Siku hizi walisoma saa kwenye simu, na wachache waliovaa saa mkononi waliivaa kama bangili, imesimama au inakwenda. Waliobaki kwake ni wauguzi wa hospitali iliyokuwa mwisho wa barabara. Wao hutundika saa kifuani, maana huwezi kumhesabia mgonjwa mapigo ya moyo huku umeshika simu.

"Dunia imehamia kwenye kioo," alisema Fundi Saa, bila uchungu. "Mimi nitabaki na hawa walioachwa nyuma."

Bi Vifungo hakuweza kuwa mpole namna hiyo, kwa sababu dunia iliyohamia kwenye kioo ilikuwa na anwani, na anwani yenyewe ilikuwa ng'ambo ya barabara.

Pale ng'ambo alikaa wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume. Bi Vifungo ndiye aliyemfundisha kushika mkasi. Miaka mitatu walikaa cherehani kwa cherehani, wakinywa chai katika birika moja na kuwasengenya ndugu za mume bila kujali kwamba mmoja wao ndiye ndugu wa mume. Kisha mdogo wake, ambaye alikuwa dereva wa lori na siku nyingi alikuwa safarini, alimnunulia mkewe cherehani yake mwenyewe. Wifi akafungua chumba. Fundi Saa alimpa zawadi ya saa ya ukutani, ya kisasa, isiyo na namba, vistari vitupu. Bi Vifungo alimpa sindano kumi na mbili na baraka zake zote. Mpaka hapo hapakuwa na neno.

Neno lilikuja na simu. Wifi aliisimamisha simu yake kwenye miguu mitatu, akaiwekea taa ya duara, akaanza kushona huku watu wanamtazama. Kila Alhamisi na Jumamosi, saa tisa alasiri, alikuwa hewani mubashara. Alijiita Wifi wa Cherehani. Alizungumza na watazamaji kama anavyozungumza mtu na jirani dirishani, akipiga pasi, akikosea, akifumua, akijicheka. Mwaka haukuisha akawa na wafuasi elfu arobaini. Mlangoni alitundika kibao: WIFI YUPO. Vijana waliopita walidhani ni mtandao wa bure, wakaingia kuuliza neno la siri.

"Neno la siri ni shikamoo," aliwajibu, na wao waliamkia, wakacheka, wakaondoka. Wengine walirudi na suruali za kupunguzwa.

Kicheko hicho kilivuka barabara na kumfikia Bi Vifungo kikiwa kimegeuka mchanga. Neno wifi lilikuwa la watu wawili. Lilizaliwa kati yao siku mdogo wake alipooa, na lilikaa ndani ya chumba kile pamoja na birika la chai. Sasa lilikuwa la watu elfu arobaini. Watu asiowajua, wengine na ndevu zao, walimwita wifi yake wifi. Hilo lilimuuma kuliko wateja aliowapoteza.

Na wateja nao aliwapoteza. Mwalimu mmoja wa chekechea, aliyeshonewa naye kwa miaka tisa, alikuja siku moja na kitambaa cha bluu, akatoa simu mkobani.

"Mama, nataka mshono huu. Shingo iwe hivi hivi."

Bi Vifungo alivaa miwani. Akaona mikono ya wifi yake.

"Huu mshono ni wa nani?"

"Si wa Wifi? Yule wa kwenye simu!"

"Yule wa kwenye simu yuko hatua ishirini kutoka hapo ulipokaa."

"Ee! Kumbe ndiye huyu wa hapa?" Mwalimu alisimama, akachungulia barabarani kama aliyeambiwa kuna harusi inapita. "Mama, usinielewe vibaya. Nakimbia tu kumsalimu."

Alikimbia na kitambaa chake. Salamu zile ziligeuka vipimo, na gauni la bluu likashonwa ng'ambo.

Wivu wa Bi Vifungo haukuja kwa kishindo. Uliingia kama mchwa, ukala boriti huku rangi ya nje ingali inang'aa. Alianza kuhesabu viatu vilivyovuliwa mlangoni kwa wifi. Aligeuza cherehani yake ili aipe barabara mgongo, asione. Baada ya siku mbili akairudisha, kwa sababu kutoona kulimtesa zaidi. Mwishowe alimpelekea muuza vocha simu yake, ile aliyoizoea kwa kupiga na kupokea tu, akafunguliwa akaunti kwa jina la Mgeni Mpole. Tangu hapo, kila Alhamisi na kila Jumamosi, saa tisa alasiri, simu ilikaa chini ya kitambaa cha kupigia pasi, sauti imezimwa, na fundi wa miaka ishirini na sita alimchungulia mwanafunzi wake kama mtu anayechungulia chungu cha jirani. Hakuandika neno, isipokuwa mara moja. Uzi ulilegea, akashindwa kujizuia. Aliandika: Vuta uzi, usiuonee huruma.

Basi ikatokea kwamba Matroni wa hospitali aliona sare aliyoibuni Wifi kwa ajili ya muuguzi mmoja. Ilikuwa nyeupe, kipande cha mbele kimekatwa mshazari kutoka begani kikafungwa ubavuni kwa vifungo sita, mfuko mmoja kifuani, na juu ya mfuko kitanzi kidogo cha kutundikia saa. Matroni aliipenda. Alitaka sare sitini kwa wiki tatu.

Wifi alivuka barabara siku hiyo hiyo.

"Hodi, wifi."

"Karibu, nyota."

"Nyota gani tena, wifi? Nina shida."

"Wewe na shida? Si uwaambie wale elfu arobaini?"

Wifi alicheka, ingawa si sana. Akaeleza habari ya sare. "Sitini siziwezi peke yangu. Na Matroni nimemwambia, wifi yangu asipokuwemo, na mimi simo. Thelathini zako, thelathini zangu. Kitambaa wanatoa wao, kimepimwa, hakizidi hata shubiri." Alitoa bunda la karatasi lililofungwa kwa uzi. "Karatasi zangu za kukatia ni hizi. Kuna jambo moja kuhusu ule mshazari, nataka nikuonyeshe kabla..."

"Wifi." Bi Vifungo hakuligusa lile bunda. "Nani alikufundisha kushika mkasi?"

"Ni wewe."

"Na leo mwanafunzi anamletea mwalimu karatasi ya kukatia?"

"Sivyo, wifi. Ni ili zifanane tu."

"Zitafanana. Macho ninayo."

"Basi njoo uione sampuli. Nimeitundika ukutani kwangu."

"Nitakuja."

Fundi Saa, mezani kwake, aliinua kichwa kutoka kwenye kioo cha kukuzia. Alimtazama mkewe, akamtazama wifi akivuka barabara na bunda lake kwapani. "Ungezipokea tu," alisema. "Karatasi haimpunguzi mtu kimo."

"Wewe shughulika na saa zako."

Bi Vifungo hakwenda kuiona sampuli. Kila alipofika kwenye kizingiti chake, miguu ilimwambia kwamba akiingia kule ng'ambo ataingia kama mteja. Lakini kazi aliitaka, na aliitaka iwe nzuri kuliko ya mwenzake, ili Matroni akizipanga sare sitini aseme, hizi thelathini ni za nani? Alhamisi ilipofika, Wifi alikuwa hewani akikata na kushona sare moja tangu mwanzo hadi mwisho, taratibu kuliko kawaida, akirudia kila hatua mara mbili. Bi Vifungo aliisimamisha picha, akapima kwa macho, akachora kwa chaki, akaiachia tena.

Mambo mawili yalimshangaza. La kwanza, wifi yake alikata kwa mkono wa kushoto. Bi Vifungo alijua fika kwamba mwanamke yule alikula kwa kulia, aliandika kwa kulia na alishika mkasi kwa kulia, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemshikisha. Ingetosha kujiuliza imekuwaje. Lakini wivu humpa mtu macho ukamnyima kuona. Alibetua midomo, akasema moyoni: Maringo hayo! Mkono wa kulia haumtoshi, sasa anajifunza kukata kwa kushoto ili ashangiliwe.

La pili, kitanzi cha saa kilikaa kifua cha kulia. Hapo mkasi wake ulisita. Yeye ni mke wa fundi saa, na wauguzi wote waliokuja pale walitundika saa kushoto. Mumewe alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Kumwuliza kungechukua muda wa kupiga chafya. Lakini angeuliza, angeulizwa ameona wapi. Alijiambia kwamba mitindo hubadilika, na kwamba Matroni ameipitisha mwenyewe.

"Unatazama nini humo chini ya kitambaa?" aliuliza Fundi Saa.

"Natazama saa."

Fundi Saa aliweka bisibisi chini. Ukutani nyuma yake zilikuwepo saa kumi na moja, zote zikienda. "Hata wewe," alisema, na kurudi kwenye skrubu zake.

Bi Vifungo alitamani kufuta maneno yale, lakini alikwisha kuitia nguo ya kwanza mkasi.

Alifanya kazi wiki mbili kama aliyepandwa na kitu. Sare thelathini zilitoka nyeupe, mishono imenyooka, na matundu mia moja na themanini ya mkono, kila moja halina mgongo. Alizipiga pasi akazikunja. Alipozitazama alijisikia kwa mara ya kwanza, baada ya mwaka mzima, kwamba kifua chake kina nafasi ya pumzi.

Siku ya kukabidhi ilikuwa Alhamisi asubuhi, katika ukumbi mdogo wa hospitali. Wifi alikwisha kufika na bunda lake. Bi Vifungo aliingia kwa hatua za mwenye mali, mumewe nyuma yake amebeba furushi, na mfukoni saa nne za wauguzi alizozitengeneza. Matroni, mwanamke mrefu aliyezungumza kama anayehesabu vidonge, aliita wauguzi wawili. Mmoja akapewa sare ya Wifi, mwingine ya Bi Vifungo. Walikwenda nyuma ya pazia, wakatoka, wakasimama uso kwa uso.

Aliyevaa ya Wifi aliinua mkono wa kulia. Mwenzake, bila kufikiri, akainua wa kushoto. Wakaangua kicheko.

"Shoga, najitazama kwenye kioo!"

Hakuna mwingine aliyecheka. Mshazari wa huyu ulitoka bega la kulia, wa yule bega la kushoto. Mfuko wa huyu kushoto, wa yule kulia. Fundi Saa alitoa saa ya muuguzi wa pili ili amtundikie. Mkono wake ulikwenda kifua cha kushoto kwa mazoea ya miaka mingi, ukapapasa, haukukuta kitu.

"Kitanzi kiko wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Matroni alifungua furushi, akatoa sare ya pili, ya tano, ya kumi. Zote vile vile.

Bi Vifungo aliona damu ikimpanda masikioni. Akamgeukia wifi yake na kumnyooshea kidole. "Umefanya makusudi! Umenionyesha mfuko kulia, kitanzi kulia, mshazari kushoto! Kwa macho yangu haya, Alhamisi ile, saa tisa!"

"Alhamisi ipi, wifi?" aliuliza Wifi polepole. "Kwangu hukufika."

Bi Vifungo aliyasikia maneno yake mwenyewe yakirudi kutoka ukutani, akatambua amesema nini. Muuguzi mmoja alikohoa. Mwingine alijifanya anafunga kiatu kisicho na kamba.

Fundi Saa alinyoosha mkono. "Niazime simu yako," alimwambia mkewe, naye alimpa, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukataa. Aliitafuta picha ile ya Alhamisi, iliyokuwa imehifadhiwa humo, akaisogeza karibu na jicho kama anavyosogeza saa mbovu. Hakuangalia mikono wala nguo. Aliangalia ukuta uliokuwa nyuma ya Wifi, mahali ilipotundikwa ile saa ya vistari aliyoitoa zawadi.

"Shemeji, hapa ulikuwa umeshakaa hewani kwa muda gani?"

"Robo saa hivi, shemeji. Huanza saa tisa kamili."

"Basi ilikuwa saa tisa na robo. Lakini hapa saa inasema saa tatu kasorobo." Aliwaonyesha. "Na mshale wa sekunde huu, unarudi nyuma. Saa niliifunga mimi, haina ugonjwa huo. Kilichogeuka ni picha."

Wifi alijishika kichwa. Alieleza, karibu kwa kulia, kwamba hutumia kamera ya mbele ili asome maoni ya watu huku anashona, na kamera hiyo humwonyesha mtu kama kioo, kulia kuwa kushoto. Kuna kitufe cha kuigeuza. Hakuwahi kukigusa, kwa sababu watazamaji wake walitazama tu, hawakuwa na mkasi mkononi.

Matroni alikunja sare moja, akaiweka juu ya nyingine. "Nani kamkosea nani, hilo litawahusu ninyi na ukoo wenu. Muuguzi akimwinamia mgonjwa, mkono wa kulia unashika mapigo, saa inasomwa kushoto. Jumatatu asubuhi nataka sare sitini zinazofanana. Ikipungua hata moja, kazi yote inakwenda kiwandani, na barabara yenu sirudi tena."

Walitoka, wakakaa kwenye benchi la nje. Kitambaa kilikuwa kimekwisha, hakikubaki hata cha kola. Bi Vifungo alitazama furushi lake, akaliona jina la miaka ishirini na sita limefungwa humo kama mtu aliyefiwa anavyofunga nguo za marehemu. Zaidi ya hapo, aliona kwamba amemfunga humo na wifi yake, ambaye hakuwa na kosa ila lile la kumwita.

Kulikuwa na maneno mawili ya kusema, na yalikuwa mazito kuliko furushi. Aliyavuta kama anayevuta ndoo kisimani kwa kamba inayokatika uzi uzi.

"Wifi. Tufanyeje?"

Tangu wajuane, hilo lilikuwa swali la kwanza Bi Vifungo kumwuliza wifi yake ambalo yeye mwenyewe hakulijua jibu lake.

Wifi alifuta macho kwa kiganja. "Sijui, wifi. Picha ningeigeuza kwa kitufe. Nguo haina kitufe cha kugeuza."

Mkono wa Bi Vifungo, wenyewe kama mkono wa mtu mwingine, uliingia kwenye furushi, ukatoa sare moja, ukaingia ndani ya mkono wa nguo na kuuvuta. Ukavuta na wa pili. Sare ikageuka nje ndani, mishono yake imechomoza kama mbavu. Aliisimamisha, akampimia wifi yake kifuani.

Mshazari ulitoka bega la kulia.

"Ee, wifi!" Wifi aliruka. "Kama soksi!"

"Kitambaa hiki hakina uso wala mgongo. Tunafumua mishono, tunaigeuza, tunaishona upya. Mfuko na kitanzi tunavihamisha. Vifungo tunavikata, tunavihamishia upande wa pili."

"Na matundu?"

Bi Vifungo alimwonyesha. Tundu lilikuwa sawa huku na huku.

Wifi aliligusa kwa ncha ya kidole. "Yangu nashona kwa mashine," alisema. "Yangu yasingegeuzika."

Walifumua kuanzia adhuhuri ile. Cherehani ya Wifi ilivushwa barabara, ikarudi mahali ilipokuwa zamani, ubavuni mwa ile nyingine, na birika la chai likatoka kabatini. Fundi Saa alipewa kazi ya kukata vifungo, kwa kuwa alikuwa na koleo nzuri na hakuwa na haraka. Siku ya pili, nyuzi zimejaa mapajani mwao kama theluji ya kwenye picha, Wifi alizungumza bila kuinua macho.

"Mgeni Mpole nilimjua zamani."

Sindano ya Bi Vifungo ilisimama.

"Vuta uzi, usiuonee huruma. Dunia nzima hii, nani mwingine husema hivyo? Tangu siku ile, kila Alhamisi nilikuwa sianzi mpaka nione jina hilo limeingia. Nilisema, angalau wifi yangu ananitazama. Ile sare niliishona taratibu kwa ajili yako. Nilidhani hutaki karatasi kwa kuwa utatazama."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa kukuuliza." Wifi alivuta uzi. "Nilisema, nikimwuliza atajifunga, na hatanitazama tena."

Bi Vifungo alifikiri juu ya mwaka mzima wa kuchungulia chini ya kitambaa cha pasi, akimchukia mtu aliyekuwa akimngoja aingie. Sitasema wivu wake ulikufa siku hiyo, kwa maana wivu haufi upesi. Lakini ulilala kama paka aliyefukuzwa jikoni, ukabaki kuangalia kwa mbali.

Jumatatu asubuhi Matroni alizipanga sare sitini kwenye meza ndefu. Alizipitia moja moja, hakutafuta ni zipi za nani. Alisema, "Zinafanana," na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba. Muuguzi yule aliyejiona kwenye kioo alitundikiwa saa yake kifua cha kushoto, akashika kifundo cha mkono wa mwenzake kwa mkono wa kulia, akahesabu. "Mzima huyu," alisema, na safari hii walicheka wote.

Jumamosi iliyofuata, Wifi alivuka barabara na simu yake, miguu mitatu na ile taa ya duara, akaviweka katikati ya chumba, kati ya zile saa kumi na moja za ukutani na cherehani mbili. Saa tisa ilikuwa bado dakika chache. Bi Vifungo alivaa miwani, akaisogelea simu.

"Wifi, hicho kitufe cha kugeuza ni kipi?"

"Hiki hapa, wifi. Bonyeza mwenyewe."

Alibonyeza. Mkono wa kulia ukawa wa kulia. Nyuma yake, kwenye kioo kidogo, saa zote za mumewe zilianza kwenda mbele, na Fundi Saa, aliyekuwa akijifanya hatazami, alitabasamu.

Kipindi kilianza. Wifi aliwaambia watazamaji kwamba leo wamekuja kwa mwalimu wake, ambaye ndiye wifi wa kweli, na yeye ni wifi wa mkopo tu. Bi Vifungo aliwaonyesha tundu lisilo na mgongo, sindano ikipanda na kushuka. Maoni yalimiminika. Katikati yake, mtu mmoja aliandika: Samahani kwa swali la kijinga, tundu linaanzwa upande gani? Kabla halijajibiwa, swali likatoweka. Mwenyewe alikuwa amelifuta.

"Amelifuta kwa aibu," Wifi alinong'ona.

Bi Vifungo aliweka sindano chini, akainama mpaka uso wake ukajaa kioo kizima. "Wewe uliyefuta," alisema, na sauti yake ilikuwa ile ile aliyofundishia zamani. "Rudi, mwanangu. Mimi niliona haya kuuliza swali kama hilo hilo, nikashona nguo thelathini kinyume. Liandike tena."

Zile saa za ukutani ziligonga sekunde zake. Kisha swali lilirudi, safari hii bila samahani, naye Bi Vifungo akachukua sindano, akalijibu kwa utulivu mbele ya watu elfu arobaini, akiwa shahidi wa kutosha kwamba kuuliza si ujinga.